Ubeti Uliosikika Mlangoni

"Sikusikia kitu, Madame."

Neno lilikuwa jepesi, na Muderhwa alilisema bila hata kumeza mate. Alisimama wima katikati ya ukumbi wa ofisi ya sekta, shati jeupe limenyooshwa pasi, leseni yake ya ukapiteni ikichungulia kwenye mfuko wa kifuani kama ua la bwana harusi. Mbele yake walikaa watu watatu wa tume iliyotumwa kuchunguza ajali ya ziwani. Mkubwa wao alikuwa Madame Uwiringiyimana, mwanasheria mwembamba aliyeuliza maswali yake polepole, kama mtu anayechambua mchele.

"Ukungu ulikuwa mzito?"

"Mzito sana."

"Ulipunguza mwendo?"

"Nilipunguza."

"Na mbele yako hukusikia sauti yoyote? Kengele, filimbi, watu wanaoimba?"

"Sikusikia kitu, Madame. Tena sheria iko wazi. Chombo kinachovua hakiruhusiwi kuziba njia nyembamba. Ile ekipe ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, na miti yao ya nyavu imetokeza mbele na nyuma kama pembe za ng'ombe. Mlango wote wa ziwa waliujaza wao."

Ukumbi ulinong'ona. Papa Buhendwa, mwenye boti, alijipiga gotini kwa fahari. "Njo kapiteni ule! Alisoma!"

Karibu na dirisha aliketi Maman Aurore, mfanyabiashara wa sambaza, vidagaa vya ziwani, aliyevusha ndoo zake Bukavu kila wiki. Alikuwa mama yake Nzigire, na Nzigire alikuwa mchumba wa Muderhwa.  Maman Aurore alitabasamu kidogo tu, tabasamu la mama anayeona kwamba binti yake hakukosea njia. Muderhwa aliliona tabasamu hilo, na badala ya kumpoza, lilimchoma kama ndimu kwenye kidonda.

Kwa maana alikuwa amesikia. Alisikia kila neno.

Kati ya kisiwa cha Nkombo na nchi kavu, ziwa Kivu linabanwa na vilima mpaka linakuwa kama ujia wa nyuma ya nyumba. Watu wanapaita Mlango. Katikati ya Mlango kuna kona, na anayekwenda haonani na anayerudi mpaka wamekwisha kukaribiana. Hapo kila chombo hushika upande wake wa kulia. Siku ya ukungu, mwenye moteri hufika kwenye kona, akaizima au akaipunguza mpaka inanung'unika tu, akatega sikio. Ekipe za sambaza hazina honi. Honi yao ni wimbo.

Na wimbo wenyewe si wa kanisani. Wavuvi wanaorudi asubuhi, mikono imekufa ganzi, hawaamshwi na zaburi. Mwimbishaji anaanzisha, wengine wanaitikia kwa kasia, na kinachoimbwa ni matusi matamu: wake zao, mabosi wao, wakwe zao, na mambo ya kitandani ya kila mtu anayejulikana kisiwani. Wanacheka, kasia zinasahau uzito. Lakini kabla ya kufika ufukweni kuna jiwe jeupe linalochomoza majini. Wakilifikia, mwimbishaji huinua kasia juu, na wimbo hukatwa pale pale hata kama neno liko nusu. Mbele ya jiwe hilo wanawake wanangoja na mabeseni, na miongoni mwa wanawake wamo mama wakwe. Yaliyoimbwa majini hayasemwi nchi kavu. Hakuna aliyewahi kuwafundisha jambo hilo, na hakuna aliyewahi kulivunja.

Muderhwa aliyajua haya kuliko wengi. Kabla ya moteri alikuwa mpiga kasia katika mtumbwi wa kati wa ekipe ya mzee Harelimana. Yeye ndiye aliyekuwa akitunga beti, na Harelimana, mwenye sauti, akiziimbisha. "Kinywa changu," mzee alikuwa akimwita hivyo mbele ya watu. Kisha Papa Buhendwa akanunua boti, akamtafuta kijana mwenye kichwa, akamlipia mafunzo. Muderhwa alirudi na leseni, na miwani ya jua ambayo hakuivua hata chini ya mawingu. Akipita karibu na ekipe alikuwa akiinua vidole viwili tu, kama waziri.

Jioni moja, kwenye ufuko wa Nkombo, moteri ilimgomea. Aliivuta kamba, ikakohoa. Aliivuta tena, ikanyamaza. Abiria walikuwa wamejaa, na mbele kabisa aliketi Maman Aurore na ndoo yake mapajani, akitazama mlima ili asimtazame mkwe wake akitoka jasho. Wakati huo huo ekipe ya Harelimana ilikuwa inatoka kwenda kuvua. Watu wake kumi na mmoja walicheka mpaka mmoja wao, Tuyishimire, akaangusha kasia majini.

Kesho yake alfajiri Muderhwa alitoka peke yake, boti tupu, kwenda Nkombo kuchukua watu wa soko. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Kwenye kona alipunguza moteri kama alivyofundishwa, akatega sikio, na akawasikia wavuvi wa Harelimana wakija upande wao wa kisiwani, mahali pao halali. Wanaimba. Kisha akasikia jina lake.

Ulikuwa ubeti mpya. Ulikuwa na kamba ndani yake, na moteri, na mama mkwe. Ulikuwa ubeti mzuri, na hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba wameweza kutunga bila yeye. Masikio yalimwaka moto. Aliwaza: nitawamwagia maji hawa, nipite karibu, mawimbi ya boti yawaoshe midomo. Akafungua moteri yote, akaacha upande wake, akaielekeza boti kwenye sauti.

Ukungu hauna vipimo. Alidhani wako mbali kidogo. Mti wa mbele wa ekipe ulitokea ghafla juu ya pua ya boti, ukavunjika kwa mlio kama wa mfupa. Mtumbwi wa pembeni ulipinduka, wanaume wakamwagika majini, na katikati ya kelele alisikia sauti ya Harelimana, ileile iliyokuwa ikiimba, ikilia kwa maumivu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebanwa kati ya mtumbwi na boti.

Hakufa mtu. Muderhwa mwenyewe ndiye aliyewavuta kutoka majini mmoja mmoja, na kwa hilo watu walimsifu.

Baada ya kikao kile cha kwanza alivuka kwenda Nkombo na sukari na sabuni, kama mtu anavyomtembelea mgonjwa. Nyirabahire, mke wa Harelimana, alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mutoto. Ikala chini. Mzee, mugeni wako iko hapa."

Harelimana aliketi kwenye mkeka, mkono umefungwa plasta mpaka kiwiko, vidole viwili vimetokeza vyeusi kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Alimtazama Muderhwa kwa muda mrefu.

"Banasema ulisema haukusikia."

"Mzee..."

"Ni moteri. Ile moteri inakulaka masikio ya muntu. Nilimwambia mama hapa: mutoto hakusikia, moteri ilimukula masikio."

Muderhwa aliweka sukari na sabuni juu ya mkeka. Laiti mzee angemtukana! Kwa tusi angekuwa na jibu, kwa maana majibu hayakuwahi kumpungukia. Lakini alikuwa amepewa udhuru, umekunjwa vizuri, kama nguo safi anayopewa mgeni aliyenyeshewa.

"Tume ikiwauliza, mutasema nini?" aliuliza hatimaye.

"Tutasema tulikuwa tunaimba."

"Bakiuliza wimbo gani?"

Harelimana alitupa jicho kwa Nyirabahire, aliyekuwa akikoroga chai, na sauti ikashuka. "Wimbo gani? Mi siimbake ku inchi kavu, unajua."

"Lakini bakisema mulinyamaza, batawanyang'anya ruhusa ya kuvua. Bantu kumi na moja, Mzee."

"Njo ivo," alisema mzee, kama mtu aliyekwisha kukubali lolote litakalokuja.

Alipoaga, Harelimana aliinua ule mkono mzima. "Kwenda muzuri, kinywa yangu."

Muderhwa alivuka Mlango akiwa ameinamisha kichwa, na alipofika kwenye kona alizima moteri ingawa jua lilikuwa linawaka na maji yalionekana mpaka ng'ambo. Alikaa pale akielea. Hakukuwa na cha kusikiliza.

Kikao cha pili kilijaza ukumbi. Ekipe nzima ilikuja, wamevaa makoti ya Jumapili, wamekaa kwenye benchi moja wakibanana kama walivyobanana mtumbwini. Maman Aurore alikuwa pale pale dirishani, na safari hii Nzigire aliketi kando yake.

Madame Uwiringiyimana alianza kwa kuweka mambo sawa. "Kapiteni alituambia kwamba chombo kinachovua hakiruhusiwi kuziba njia. Ni kweli. Lakini hawa walikuwa wamekwisha kuvua, nyavu zimeinuliwa, wanarudi nyumbani. Walikuwa wasafiri kama yeye. Kwa hiyo nauliza maswali mawili tu. La kwanza, nani alitoka upande wake? Mabaki yaliyookotwa katikati, baada ya upepo kuyasukuma, hayanisaidii. La pili, nani alitoa sauti, na nani aliisikiliza? Kwenye ukungu, chombo kinachokwenda kimya kinabeba kosa lake hata kama kiko upande wake. Mzee Harelimana, mlikuwa kimya?"

"Hapana, Madame. Tulikuwa tunaimba."

"Mlikuwa mnaimba nini?"

Benchi lote lilitazama sakafu.

"Wimbo wa kazi," alisema Harelimana.

"Upi?"

Tuyishimire, kijana wa pembeni, aliona heri aokoe jahazi. Akakohoa, akaanzisha kwa sauti ya kwaya wimbo wa kumsifu Bikira Maria. Wawili watatu wakamfuata kwa aibu. Kutoka nyuma ya ukumbi mtu alipasuka kicheko.

"Ndio huu mliokuwa mnaimba?" aliuliza Madame.

Harelimana aliunyoosha ule mkono wa plasta, na kwaya ikafa. "Niliapa hapa mbele yenu, Madame. Ule haukuwa wimbo wa Mungu."

"Basi ulikuwa upi?"

"Ulikuwa wa maji. Unabakiaka ku maji."

"Mzee, nikiandika kwamba mliimba, lazima niseme nimejuaje. Hamwezi hata kunitajia wimbo. Mtu atasema mlikuwa mmelala."

"Aseme," alisema Harelimana. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Hapo mbele ya ukumbi walikuwa binti zake wawili, mke wake, na mama mkwe wa Tuyishimire mwenye rozari mkononi. "Aseme, Madame. Bantu bazima hawawezi kusema ile kitu hapa."

"Umeona!" Papa Buhendwa alinguruma. "Ni waongo. Walilala usingizi, wakatuvunjia boti!"

Madame aliinua kidole kumnyamazisha. "Kuna karani wangu, Karangwa. Ni mwanamume. Toka naye nje, umwambie sikioni." Kisha akahema. "Ingawa nakwambia ukweli, Mzee: wimbo ni rahisi kutungwa baada ya ajali. Ningehitaji mtu aliyeusikia bila kuwa ndani ya mitumbwi yenu. Na mtu huyo hayupo."

Harelimana alitoka na karani hadi barazani. Kupitia mlango ulio wazi watu walimwona mzee akijinyoosha hadi kwenye sikio la Karangwa, na walimwona Karangwa akifunika mdomo. Waliporudi, karani alikuwa ameuma midomo yote miwili na hakuthubutu kumtazama mtu.

Hapo ndipo Muderhwa aliposimama. 

"Mimi niliusikia, Madame."

 Papa Buhendwa akaruka. "Weye unasema nini? Madame, msimsikilize, alikwenda kuwaona kisiwani, walimlilia, amewaonea huruma! Wimbo gani anajua yeye?"

"Siku ile ulisema hukusikia kitu," alisema Madame.

"Nilisema uongo."

"Au unasema uongo leo. Wimbo huo uliimbwa mara ngapi, Mzee?"

"Mara moja tu," alisema Harelimana kwa sauti ndogo. "Ulizaliwa asubuhi ile. Tangu ile siku hatukuingia tena ku maji, na ku inchi kavu hatukuusema kwa muntu mpaka leo."

"Basi anayeujua aliusikia pale." Madame alivua miwani. "Kapiteni, nenda barazani na Karangwa, umwambie. Yeye atatuambia kama ni ule ule."

Baraza lilikuwa karibu. Muderhwa aliutazama mlango ule kwa tamaa ambayo hajawahi kuwa nayo kwa kitu kingine. Kunong'ona tu, na kurudi.

"Waende kunong'onezana!" Papa Buhendwa alisema. "Njo kule batapangia uongo!"

Muderhwa aligeuka. Macho yake yalikwenda dirishani bila ruhusa yake. Nzigire alikuwa anamtazama kwa wasiwasi, haelewi. Maman Aurore alikuwa amekwisha kuelewa kitu fulani, kwa maana alikuwa amekunja kitenge chake mabegani, kama mtu anayesikia baridi inakuja.

"Nitasema hapa," alisema Muderhwa. "Uongo niliusemea hapa."

Na akasema. Hakuimba. Aliusema ule ubeti kwa sauti kavu, akitazama ukuta juu ya kichwa cha Madame, lakini ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya kasia, na mdundo ulimshinda, ukajitokeza wenyewe:

"Muderhwa anavuta kamba, moteri inakohoa,
Muderhwa anavuta tena, moteri inalala.
Mama mukwe, tandika kitanda, lakini usiharakishe:
hata usiku wa ndoa atavuta mpaka asubuhi."

 Kisha nyuma ya ukumbi kicheko kikalipuka, kikazimwa, kikalipuka tena mahali pengine. Mama mwenye rozari alifanya ishara ya msalaba. Tuyishimire alikuwa ameficha uso katikati ya magoti. Harelimana hakucheka. Alikuwa amefumba macho kama mtu anayeona nguo ya mwanawe ikivuliwa hadharani.

Maman Aurore alisimama. Akamshika Nzigire mkono. Lakini Madame alikuwa bado hajamaliza, na kwa heshima ya tume mama yule alibaki amesimama, mgongo umewaelekea watu.

"Karangwa?"

"Ndio wenyewe, Madame. Neno kwa neno."

"Basi ulisikia. Na siyo sauti tu, ulisikia maneno." Alisema polepole zaidi ya kawaida. "Mtu anayesikia maneno anajua waimbaji wako wapi. Ulijua?"

"Nilijua. Walikuwa upande wao."

"Ukafanya nini?"

Muderhwa alidhani ubeti ndio ungekuwa mzigo wote. Sasa aliona ulikuwa mlango tu. Kicheko kilikuwa kimeisha ukumbini. Kila mtu alikuwa anangoja, na Maman Aurore, bila kugeuka, alikuwa ameinua kichwa.

"Niliacha upande wangu," alisema. "Niliongeza moteri. Nilitaka kuwamwagia maji kwa sababu waliniimba."

 Nyirabahire, aliyempokea kwa mikono miwili, alisema neno moja tu, taratibu, kama anayemwita mtu aliye mbali: "Mutoto."

Maman Aurore alitoka. Mguu wake haukuwa na haraka. Nzigire alifuata, na mlangoni aligeuka mara moja, na Muderhwa angetoa leseni yake na miwani yake ya jua na vyote alivyojivunia, ili asiuone uso ule.

Uamuzi ulisomwa wiki iliyofuata. Madame alieleza kwamba vyombo viwili vikigongana, ni mara chache kosa lote kuwa la mmoja. Ekipe ilibebeshwa sehemu ndogo kwa sababu taa ya mti wa mbele ilikuwa imezimwa kabla hakujapambazuka. Sehemu kubwa ilikuwa ya boti: kuacha upande wake, kuongeza mwendo kwenye ukungu, kusikia na kutotii alichosikia. Ruhusa ya kuvua ilibaki mikononi mwa Harelimana na wenzake. Leseni ya Muderhwa ilichukuliwa. Na ikaamriwa kwamba kila moteri inayofika kwenye kona ya Mlango siku ya ukungu izimwe kabisa.

Papa Buhendwa alimtafuta kapiteni mwingine. Vidole vya Harelimana havikukunjika tena. Aliweza kuimbisha, lakini kushika kasia hakuweza. Nafasi yake katika mtumbwi wa kati ilikuwa wazi, na asubuhi moja Nyirabahire alimtuma mtu kwa Muderhwa: mzee anauliza kama bado unajua kupiga kasia.

Alikwenda. Hakuna aliyemkaribisha wala aliyemfukuza. Tuyishimire alisogea kidogo tu kwenye ubao, akamwachia mahali pa kukaa.

Walipokuwa wanarudi kutoka kuvua, ukungu uliwakuta kwenye Mlango. Kutoka upande wa pili wa kona walisikia moteri ikija, kisha ikazimwa. Mtu fulani mle ukunguni alikuwa ametega sikio.

"Tuimbe," alisema Tuyishimire.

Harelimana alikuwa amekaa kwenye pua ya mtumbwi, mkono mbovu umelala mapajani. Hakugeuka. "Ubeti gani?" aliuliza, na swali lile halikuwa na uchungu wala mzaha.

Muderhwa alijua ubeti uliokuwa na sauti ya kufika mbali kuliko zote. Aliuanzisha yeye mwenyewe. Walimwitikia kwa kasia, kumi na mmoja, na kila lilipofika jina lake alilisukuma kwa nguvu zaidi ili lipenye ukungu. Kapiteni yule mgeni alipiga kelele kuwajibu, akabaki upande wake, wakapishana.

Wakalifikia jiwe jeupe. Harelimana aliinua mkono mzima, na wimbo ukakatika kwenye neno kitanda. Ufukweni wanawake walikuwa wamekwisha kujipanga na mabeseni. Maman Aurore alikuwa wa tatu. Alinunua sambaza za mtumbwi wa kulia, akanunua za mtumbwi wa kushoto. Alipofika mbele ya mtumbwi wa kati alisimama, beseni lake likiwa na nafasi bado.

Muderhwa aliinamisha kichwa, akaendelea kukusanya sambaza kwa mikono miwili, na kungoja aone kama beseni litashushwa mbele yake.